Hali ya hewa na usalama wa matembezi ya nje

Kila mwaka, Afrika Mashariki na kwingineko duniani, watu huondoka nyumbani asubuhi kwenda kupanda mlima, kutembea korongoni, kuogelea au kupunga upepo kwa mashua, na baadhi yao hawarudi. Mara nyingi taarifa za ajali hizo humalizikia kwa maneno yale yale: hali ya hewa ilibadilika ghafla.

Neno hilo "ghafla" lina walakini. Wingu la radi huhitaji muda kukua kabla ya kunyesha. Maji ya mafuriko husafiri kilomita nyingi kabla ya kumfikia mtu aliye bondeni. Mawimbi makubwa yanaweza kuwa yamezaliwa siku kadhaa nyuma, katika bahari ya mbali. Kinachomshtua mtembezi kwa kawaida kilianza mahali pengine, katika saa nyingine, na kilitoa dalili zake njiani.

Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyotokea, na namna mtu asiye mtaalamu anavyoweza kuzitambua dalili hizo mapema na kuchukua hadhari.

Kwa nini mvua hunyesha alasiri?

Sehemu kubwa ya miale ya jua hupita hewani na kuipasha ardhi, kisha ardhi nayo huipasha hewa iliyo karibu nayo. Hewa yenye joto hutanuka, huwa nyepesi na kupanda juu. Kadiri inavyopanda ndivyo mgandamizo unavyopungua, nayo hutanuka zaidi na kupoa kwa kiasi cha nyuzijoto 10 kwa kila mita 1,000. Inapofika mahali ambapo haiwezi tena kuuchukua mvuke wote uliomo ndani yake, mvuke huo hugeuka kuwa matone madogo ya maji. Hapo ndipo wingu huzaliwa.

Mvuke unapogeuka kuwa maji hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi. Ndiyo maana wingu lililokuwa dogo kama pamba saa nne asubuhi linaweza kuwa mnara mweusi ifikapo saa nane mchana. Katika nchi za ikweta kilele cha mawingu ya namna hiyo huweza kufika kilomita 15 angani.

Ardhi huwa na joto kali zaidi kati ya saa saba na saa kumi alasiri, na huo ndio wakati ambao mvua nyingi za radi huangukia nchi kavu. Anayetazama angani asubuhi aangalie jambo moja hasa: je, mawingu yanapanuka kwenda pembeni au yanakua kwenda juu? Yale yanayokua kwenda juu kabla ya adhuhuri yanatoa onyo.

Mlimani: baridi, upepo na maji

Kwa wastani hali ya joto hupungua kwa nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Mji wa Moshi, Tanzania, uko takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru cha mlima Kilimanjaro kiko mita 5,895. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 5,000 ina maana kwamba mchana ambao watu wa Moshi wanatokwa jasho katika nyuzijoto 30, kileleni maji yanaganda. Usiku baridi huwa kali zaidi, na wapandaji wengi huanza safari ya mwisho ya kwenda kileleni yapata saa sita usiku.

Kuna sababu za kuondoka saa hiyo. Asubuhi na mapema anga ya mlima kwa kawaida huwa safi. Jua likishapanda, hewa ya tambarare hupata joto, hupanda kufuata miteremko, hupoa na kuufunika mlima kwa ukungu na mvua. Anayechelewa kugeuka hujikuta akishuka ndani ya wingu, bila kuiona njia, wakati mwili umekwisha kuchoka.

Upepo huongeza makali ya baridi. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye joto, na upepo huliondoa tabaka hilo. Hewa ikiwa na baridi ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri, na upepo ukivuma kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba baridi imefika nyuzijoto 20 chini ya sifuri.

Hatari kubwa zaidi ni kulowa. Maji hupitisha joto kwa urahisi zaidi ya mara 20 kuliko hewa, hivyo nguo iliyolowa hugeuka kuwa mfereji wa kuutoa mwili joto lake. Nguo za pamba hubaki zimelowa kwa muda mrefu, ilhali sufu huendelea kuhifadhi joto kiasi hata ikiwa na maji. Mtu anayepoteza joto hutetemeka, huongea kwa shida, hujikwaa na huanza kufanya maamuzi ya ajabu. Akiacha kutetemeka ilhali bado hajapata joto, wenzake wasidhani amepona. Hali yake imekuwa mbaya zaidi. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, akingwe na upepo na ashushwe bila kukawia.

Katika Kilimanjaro na mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199, miezi inayopendelewa ni Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Oktoba, nje ya masika na vuli. Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ni tofauti: huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na anayekwenda hana budi kujiandaa kulowa katika msimu wowote.

Ugenini saa hubadilika

Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza hukabiliwa na jambo ambalo uzoefu wa nyumbani hauwaandai nalo. Karibu na ikweta hali ya hewa hufuata saa ya jua: asubuhi shwari, alasiri mvua. Huko kaskazini, mvua na upepo mwingi huletwa na mifumo mikubwa ya mgandamizo mdogo wa hewa inayotoka bahari ya Atlantiki. Mifumo hiyo haingoji jua. Hufika usiku wa manane au saa mbili asubuhi, na huweza kuendelea kutwa nzima.

Mlima mrefu kuliko yote Uingereza, Ben Nevis wa Scotland, una mita 1,345 tu, urefu usiofika hata kimo cha jiji la Nairobi. Hata hivyo kilele chake huwa na baridi inayozidi ile ya mji wa Fort William, ulio chini yake kando ya bahari, kwa takriban nyuzijoto 9. Upepo wake huwa mkali, na theluji huweza kudumu hadi majira ya kiangazi. Mwezi Desemba jua la huko huzama kabla ya saa kumi alasiri. Anayeudharau mlima kwa kutazama urefu wake peke yake amekosea hesabu.

Radi: hesabu ya sekunde

Ndani ya wingu refu, chembe za barafu na mvua ya mawe hugongana na kutenganisha chaji za umeme. Tofauti ikizidi, umeme hupita kati ya wingu na wingu, au kati ya wingu na ardhi. Njia ya umeme huo hufikia joto la takriban nyuzijoto 30,000. Hewa inayoizunguka hutanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo.

Afrika ya Kati na eneo la Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Uchambuzi wa takwimu za satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Congo, katika nafasi ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela.

Agosti 2020, katika mji wa Arua kaskazini magharibi mwa Uganda, watoto waliokuwa wakicheza kandanda walikimbilia kibandani mvua ilipoanza. Radi iliwapiga humo na watoto 10 walipoteza maisha. Walifanya kile ambacho wengi wangefanya. Kibanda huzuia mvua, lakini hakizuii umeme. Hema, mwavuli wa ufukweni na mti nao ni hivyo hivyo, na mti ulio peke yake uwanjani ni hatari zaidi.

Mahali salama ni ndani ya nyumba imara yenye nyaya za umeme na mabomba, kwa kuwa hivyo huupeleka umeme ardhini, au ndani ya gari lenye paa la bati na vioo vilivyofungwa. Walio ndani ya nyumba wasiguse mabomba wala vyombo vilivyounganishwa na umeme.

Umbali wa radi hupimwa kwa kuhesabu. Mwanga huonekana papo hapo, lakini sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu. Ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mwanga, radi iko umbali wa kilomita 10 au pungufu, na inaweza kupiga hapo hapo ulipo hata kama mvua haijaanza. Mchezo usimamishwe, waogeleaji watoke majini, na watu wasirudi nje hadi zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa, na mara nyingi anaweza kuokolewa. Ikiwa hapumui, aanze mara moja kukandamizwa kifua na kupewa pumzi huku msaada ukiitwa.

Korongoni: mvua isiyoonekana

Katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, wageni hushuka kutembea ndani ya korongo jembamba lililochongwa na maji kwenye miamba ya volkano. Aprili 2012 mafuriko yaliwaua humo vijana waliokuwa katika ziara ya kikundi cha kanisa. Septemba 2019 mafuriko mengine yaliwaua watalii pamoja na kiongozi wao.

Maumbile ya mahali ndiyo yanayoeleza jinsi hayo yanavyotokea. Mvua inaponyesha kwenye miinuko inayolizunguka korongo, maji mengi hayapenyi ardhini. Hukusanyika kutoka pande zote na kuingia katika njia moja nyembamba. Maji ambayo kwenye uwanda yangefika kwenye kifundo cha mguu, yakibanwa kati ya kuta mbili za mwamba hupanda hadi kumzidi mtu kimo, tena kwa mwendo ambao hakuna awezaye kushindana nao kwa miguu. Walio chini wanaweza wakati huo kuwa na anga la buluu juu ya vichwa vyao.

Hali kama hiyo inafahamika sana Oman, nchi yenye jamii kubwa ya wasemaji wa Kiswahili. Mabonde yake makavu, yaitwayo wadi kwa Kiarabu, hupendwa na familia kwa mandari ya mwisho wa wiki. Milima ya Hajar ni ya miamba mitupu, na mvua ya saa moja huteremka yote kwa pamoja. Aprili 2024 mafuriko nchini humo yaliua watu wapatao 20, wakiwemo wanafunzi waliokuwa ndani ya gari lililosombwa na maji. Sheria za Oman zinamhesabu kuwa na kosa dereva anayevuka wadi kwa makusudi wakati maji yanapita.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi. Dalili za mafuriko yanayokuja ni maji safi kugeuka ya tope, vijiti na majani kuanza kuelea, kijito kuongezeka kidogo kidogo, na mvumo kama wa lori kutoka upande wa juu. Mojawapo ikionekana, mtu apande ukingoni papo hapo. Asikimbie kufuata korongo kwenda chini, na asirudi kuchukua mizigo.

Ziwani: hatari ya alfajiri

Anayezoea kanuni ya mlima, kwamba asubuhi ni salama, anaweza kuipeleka kanuni hiyo ziwani na kudhurika. Mchana, nchi kavu huwa na joto kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani na mawingu hukua juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, limezungukwa na nchi kavu pande zote. Pepo za usiku kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hukutana juu ya maji yenye joto na mvuke mwingi, hewa hupanda, na dhoruba za radi huzuka usiku wa manane hadi asubuhi. Wavuvi wengi huwa majini saa hizo, na hata mtalii anayetoka alfajiri kuangalia ndege au kuvua samaki huingia katika saa mbaya. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa hilo, na kwa sababu hiyo nchi zinazolizunguka zilishirikiana kuanzisha utabiri maalumu kwa watumiaji wake.

Baharini: kusi, kaskazi na mawimbi ya mbali

Katika pwani ya Afrika Mashariki wahenga walipanga mwaka wao kwa pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo kwa kawaida huwa na bahari iliyo tulivu zaidi. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kati ya Juni na Agosti huwa na nguvu zaidi na kuichafua bahari. Kati yake kipo kipindi cha matlai na maleleji, ambapo upepo hauna mwelekeo wa kuaminika.

Kusi hiyo hiyo huvuka ikweta na kufika kusini mwa Oman. Huko huleta manyunyu na ukungu unaoigeuza milima ya Dhofar kuwa ya kijani kuanzia Juni hadi Septemba, na maelfu ya watu huenda Salalah kufurahia msimu huo. Wanaotazama milima husahau bahari, ambayo wakati huo imechafuka. Julai 2022 mawimbi yaliwasomba wageni waliokuwa kwenye miamba ya Mughsail. Mawimbi hayafanani; baada ya mengi madogo huja moja kubwa. Mwamba uliolowa maji ni ushahidi kwamba wimbi limekwisha kufika hapo.

Kwenye fukwe zenye mawimbi, maji yanayosukumwa ufukweni hutafuta njia ya kurudi, na huweza kutoka kwa pamoja kama mto mwembamba unaoelekea bahari kuu. Mara nyingi njia hiyo huonekana kama kipande cha maji tulivu kati ya mawimbi yanayovunjika, na ndiyo maana huwahadaa waogeleaji. Anayechukuliwa asishindane na mkondo. Aelee, kisha aogelee kandokando ya ufuko hadi atoke ndani yake.

Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, kwa kuwa nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo huvifanya vizunguke, ni ndogo mno huko. Nadra haina maana ya haiwezekani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania katika eneo la kisiwa cha Mafia.

Kuusoma utabiri

Utabiri unaosema kuna uwezekano wa mvua wa asilimia 30 hauna maana kwamba mvua itakuwa ndogo. Maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye hali kama hiyo, mvua hutarajiwa kunyesha mahali hapo katika siku tatu. Kwa anayekwenda sokoni hilo ni jambo dogo, lakini kwa anayeingia korongoni si dogo hata kidogo.

Aidha, utabiri wa mji hauelezi hali ya mlima ulio juu yake. Mpandaji atafute utabiri wa kimo anachokwenda. Anayeingia bondeni aulizie mvua ya miinuko ambako mto unaanzia. Anayekwenda majini asome utabiri wa upepo na mawimbi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa Kenya hutoa taarifa hizo pamoja na tahadhari, na huko Uingereza idara ya hali ya hewa ina utabiri maalumu wa milima. Wenyeji nao, hasa waongozaji, wavuvi na wafugaji, huijua tabia ya mahali pao kuliko ramani yoyote.

Jambo la mwisho huamuliwa kabla ya kuondoka: saa ya kugeuka. Kikundi kikubaliane kwamba ifikapo saa fulani, au ikionekana dalili fulani, wote watarudi hata kama kilele kinaonekana kwa macho. Mtu mmoja asiyesafiri nao aambiwe wanakokwenda na wakati wanaotarajiwa kurejea. Uamuzi uliofanywa nyumbani kwa utulivu ni rahisi kuufuata kuliko ule unaotafutwa katika upepo na mvua, wakati kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kusema turudi.